Kamba za Sufu za Aran: Sifa ya Kweli na Sifa ya Kuazimwa

Katika kazi za mikono ambazo wasichana wamefundishwa shuleni, kufuma kwa sindano mbili huonekana kuwa kazi nyepesi. Walakini aijuaye hasemi hivyo. Wengi wajua kufuma soksi ya mtoto au sweta lisilo na pambo. Wachache wamejaribu ule ukanda wa kamba zilizopitana, ambao vitabu vya ufumaji huuita ukanda wa Kikelti. Nia yangu leo si kumfundisha msomaji kuufuma safu kwa safu. Nataka tuupime kama ipimwavyo kazi nyingine yo yote ya sanaa: uzuri wake u wapi, upungufu wake ni upi, na sifa zinazotangazwa juu yake, je, ni zake kweli? Maana kazi yaweza kuwa njema na habari zake zikawa za uongo, na uongo ule ukamdhulumu mwenye kazi.

Kwanza na tujue ni kitu gani. Kitambaa kilichofumwa kwa sindano kina nyuso mbili. Upande mmoja vitanzi hulala laini kama vishale vilivyopangana. Upande wa pili huonekana vinundu vidogo vidogo. Mfumaji wa ukanda huu hufanya uwanja wake wa vinundu, na juu ya uwanja huo huinua milia ya vitanzi laini, kila mlia vitanzi viwili au vitatu. Milia ikipanda wima tu, hakuna ajabu. Lakini afikapo mahali pake, mfumaji hutoa vitanzi vitatu na kuviweka juu ya sindano fupi, mbele ya kazi au nyuma yake. Hufuma kwanza vitatu vifuatavyo, ndipo huvirudia vile alivyoviweka. Hapo milia miwili imekwisha kupitana, mmoja juu na mmoja chini. Baada ya safu kadhaa hufanya hivyo tena, na kamba ikatokea. Aliyepata kusuka nywele au ukili wa mkeka ataelewa upesi. Tofauti ni hii, kwamba msusi wa ukili anazo chane nyingi mkononi, lakini mfumaji ana uzi mmoja tu, na kwa uzi huo mmoja hutuonyesha kamba nne, sita, au nane.

Kazi hii imepata jina kuu katika visiwa vitatu vya Aran, vilivyo mbele ya ghuba ya Galway, magharibi ya Ireland. Ni visiwa vya mawe matupu. Watu wake tangu zamani walitengeneza udongo wa mashamba kwa kubeba mchanga na mwani wa bahari na kuueneza juu ya mwamba. Huko ndiko yatokako masweta meupe mazito, yaliyojaa kamba na misuko toka shingoni hata kiunoni, ambayo leo huuzwa duniani kote. Mwaka 2017 jumba la sanaa za kisasa la New York liliyaweka katika maonyesho yake ya mavazi yaliyoleta mabadiliko katika nyakati zetu. Basi si kitu kidogo.

Sasa tuje kwenye habari zinazosimuliwa juu yake. Mnunuzi aingiapo dukani huambiwa ya kwamba kamba hizi ni za kale kupita kiasi. Ya kwamba watawa wa Ireland waliozichora katika vitabu vyao vya Injili ndio waliozijua kwanza. Ya kwamba kila ukoo wa wavuvi ulikuwa na msuko wake, hata mtu akifa maji na mwili wake ukaharibika, jamaa zake wamtambue kwa sweta lake. Na ya kwamba kila msuko una maana yake ya dini, huu ni Utatu, huu ni ngazi ya Yakobo, huu ni mti wa uzima. Ni habari tamu. Kwa sisi tulio Wakristo ni tamu zaidi, maana nani asiyependa kusikia kwamba vazi la mvuvi maskini ni katekisimu ya sufu?

Lakini utamu wa habari si ushahidi wake. Na tuulize, nani aliyeisema kwanza, naye aliitoa wapi? Jibu linajulikana. Alikuwapo Oxford, Uingereza, mwenye duka la nyuzi na kazi za sindano, jina lake Heinz Edgar Kiewe. Mwaka 1936 alinunua sweta la namna hii mjini Dublin, likamshangaza. Kisha akaitazama picha ya mtu katika Kitabu cha Kells, akaona kwamba mavazi ya mtu yule yafanana na sweta lake. Kutoka mfano huo akajenga nyumba nzima, na mwaka 1967 akatoa kitabu alichokiita The Sacred History of Knitting, yaani historia takatifu ya kufuma. Msingi wa nyumba hiyo ni nini? Ni kufanana kwa vitu viwili machoni pa mtu mmoja.

Kitabu cha Kells ni Injili nne kwa Kilatini, kilichoandikwa juu ya ngozi ya ndama karibu na mwaka 800, nacho kimehifadhiwa katika Chuo cha Trinity, Dublin. Kinahusishwa na watawa wa Mtakatifu Kolumba, aliyeanzisha monasteri yake kisiwani Iona mwaka 563. Na baada ya maharamia wa kaskazini kuishambulia Iona, na kuwaua watu 68 mwaka 806, wengi wa watawa walikimbilia Kells. Hayo ni kweli. Lakini kufuma je? Vipande vya zamani vya kitambaa kilichofumwa kwa sindano, vinavyojulikana leo, vilitoka Misri, navyo ni vya karne ya 11 na baadaye. Katika Ulaya, miongoni mwa vya kwanza ni mito ya hariri iliyokutwa Hispania katika kaburi la mwana wa mfalme, Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275. Basi watawa wa Kells wangewezaje kuchora sweta lililofumwa, ikiwa alama ya kwanza ya kazi yenyewe yaonekana miaka mia mbili au zaidi baada yao, tena mbali na kwao?

Aliyeyapanga mambo haya wazi alikuwa Askofu, tena mfumaji. Richard Rutt alikuwa mmisionari katika Korea miaka mingi, kisha akawa Askofu wa Leicester, Uingereza. Mwaka 1987 akatoa kitabu chake A History of Hand Knitting. Askofu huyu hakuwa mtu wa kuidharau dini, wala hakuwa mtu wa kuzidharau sindano, maana alizishika mwenyewe. Lakini alipotafuta ushahidi wa masweta haya katika karne za kale, hakuukuta. Aliona kwamba ni kazi ya karne ya 20, ama ya miaka michache kabla yake. Yafaa tumwangalie sana mtu huyu, kwa kuwa wako wadhanio kwamba kumpendeza Mungu ni kuiacha hadithi nzuri isimame hata ikiwa haina miguu. Ayubu aliwakemea rafiki zake kwa jambo hilo hilo, walipotaka kumtetea Mungu kwa maneno yasiyo kweli.

Basi ukweli ni upi? Mwaka 1891 serikali ya Uingereza, iliyoitawala Ireland wakati ule, iliunda bodi ya kuzisaidia wilaya maskini za magharibi. Bodi ile iliendeleza uvuvi katika Aran, na pamoja na uvuvi wakaja watu wa pwani nyingine. Wavuvi wa Scotland na Uingereza walikuwa na masweta yao ya buluu, yaliyofumwa kwa uzi mwembamba, yenye mapambo ya milia na kamba ndogo. Wajuzi wengi wa historia hii wanaona kwamba wanawake wa Aran waliyatazama masweta yale wakajifunza. Kisha hawakubaki kuiga. Walichukua uzi mnene mweupe, wakazikuza kamba, wakajaza kifua kizima misuko tofauti iliyosimama bega kwa bega. Katika miaka ya 1930 kazi yao iliuzwa Dublin. Mwaka 1943 sweta la namna yao lilionyeshwa katika kitabu cha mapambo ya kufuma cha Mary Thomas. Na baada ya mwaka 1960 waimbaji wa Ireland, ndugu wa Clancy, walipoyavaa Marekani, kila mtu akayataka.

Na ile habari ya maiti kutambuliwa? Mwandishi J. M. Synge, aliyekaa mara kadhaa Aran kati ya mwaka 1898 na 1902, alitunga mchezo uitwao Riders to the Sea, ulioonyeshwa Dublin mwaka 1904. Humo dada humtambua ndugu yake aliyezama kwa soksi yake. Lakini msomaji mwangalifu na atazame: hamtambui kwa msuko wa ukoo. Humtambua kwa hesabu ya vitanzi alivyovifuma mwenyewe, na kwa vile vilivyomponyoka sindanoni. Yaani alama ilikuwa ya mkono wake yeye, si ya kabila wala ya ukoo. Watu waliokuja nyuma waliiondoa habari ya dada na soksi yake, wakaweka habari ya koo na masweta. Kwa maoni yangu waliondoa dhahabu wakaweka shaba. Maana mwanamke akumbukaye kila kitanzi alichomfumia ndugu yake ni jambo kubwa kuliko nembo yo yote ya ukoo.

Simsemi vibaya Kiewe kuliko astahilivyo. Aliipenda kazi ile, akaitangaza, na kwa kutangazwa kwake fedha ziliingia katika nyumba zisizokuwa na fedha. Lakini wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, kamba za Aran zilihitaji kutembezwa kwa jina la watawa? Hapo ndipo tuipime kazi yenyewe.

Sheria ya kwanza ya msuko mwema ni hii: kila kamba ipite juu, kisha chini, kisha juu, pasipo kukosa. Katika ukanda wa kamba nne, safu ya kwanza ya kupitana huunganisha kamba ya kwanza na ya pili, na ya tatu na ya nne. Safu ya pili huunganisha zile mbili za katikati, na za pembeni hugeuka kurudi ndani. Ikiwa katika safu ya kwanza kamba ziendazo kuume ndizo zilizo juu, basi katika safu ya pili lazima ziendazo kushoto ziwe juu. Ifuate moja kwa kidole, nawe utaiona ikipanda na kuzama kama mtu avukaye mawimbi. Mfumaji asiyeijua sheria hii hupitisha zote kwa namna moja, safu zote. Kwa mbali kazi yake hudhaniwa kuwa msuko. Mkaribie: kamba za kuume zote zimelala juu ya kamba za kushoto, kama vijiti vya tabaka moja vilivyolazwa juu ya tabaka nyingine. Havikushikamana po pote. Huo si msuko, ni sura ya msuko. Na masweta ya bei rahisi huweza kuwa na kosa hilo, mnunuzi asijue kwa sababu alikuwa akisoma karatasi ya hadithi iliyofungwa shingoni.

Sheria ya pili ni ya kadiri. Kila mara vitanzi vikipitana, kitambaa hujikunja na kuwa chembamba. Kwa hiyo mfumaji asipoongeza vitanzi tangu mwanzo, sweta litambana mwenyewe. Akipitanisha mara kwa mara mno, kazi huwa ngumu kama ubao. Akichelewa mno, kamba hulegea zikaonekana kama matumbo. Katika kadiri njema, sufu ile iliyorundikana hushika hewa na kumtia mtu joto. Basi uzuri na manufaa hapa vimefungwa pamoja: kilichopendeza jicho ndicho kimkingacho mvuvi na upepo.

Sasa na tuseme upungufu wake, maana mkosoaji asifiaye tu hakukosoa. Kufuma hupanda toka chini kwenda juu, safu baada ya safu. Kamba yaweza kwenda wima, yaweza kuinama kuume au kushoto, lakini haiwezi kulala kabisa wala kurudi ilikotoka. Kalamu ya mtawa yaweza. Katika Kitabu cha Kells mistari huzunguka, hufunga duara, hugeuka kuwa shingo ya ndege au mkia wa mnyama aumaye mkia wake mwenyewe. Hayo mfumaji wa Aran hakuyafanya, na misuko yake haina mwisho wala duara. Huendelea tu kama njia. Hili lenyewe lingetosha kuwashtua wale waliosema kwamba kazi hizi mbili ni moja. Ni katika miaka ya 1990 tu ambapo mwanamke wa Uswidi, Elsebeth Lavold, alipoyachunguza mapambo ya mawe ya kale ya nchi za kaskazini, alibuni njia ya kuanzisha kamba katikati ya uwanja: huzaa vitanzi kadhaa kutoka kitanzi kimoja, kamba mbili zikachipuka kuume na kushoto, na juu huvikusanya tena kuwa kimoja. Hivyo fundo hufungwa. Twaona basi kwamba fundo la Kikelti lililofungwa, katika ufumaji, lina umri mdogo kuliko watu wengi walio hai leo.

Hata hilo jina la Kikelti lahitaji kuangaliwa. Wakelti wa kale, kabla ya Ukristo, walipenda zaidi mizunguko kama ya konokono. Mistari iliyopitana iliingia katika sanaa ya Ireland pamoja na Ukristo, nayo iliwahi kujulikana kwa mafundi wa mawe wa Rumi, kwa Wakristo wa Misri, na kwa makabila ya Kijerumani. J. Romilly Allen, katika kitabu chake cha mwaka 1904 juu ya sanaa ya Kikelti, alionyesha jinsi mafundo yale karibu yote yawezavyo kutolewa katika msuko wa kawaida, kwa kuukata mahali na kuunga tena. Basi mama yao wote ni msuko, na msuko hauna taifa. Mikono iliyosuka nywele za mtoto, kamba ya ng'ombe, na ukili wa mkeka, ilikwisha kuujua kabla mtawa hajachovya kalamu yake.

Na sasa jambo ambalo wasimulizi wa hadithi hawakuliona. Yule mtawa alichora mistari iliyopitana. Lakini wino wake haukupita chini ya kitu cho chote. Umelala wote juu ya ngozi moja, na jicho letu ndilo lidanganywalo kwa furaha. Mwanamke wa Aran, kinyume chake, alivitoa vitanzi vyake kwa kweli, akavipitisha mbele au nyuma kwa kweli. Ukitia kidole utakigusa kilicho juu na kilicho chini. Kazi ya mtawa ni picha ya kupitana. Ya mfumaji ni kupitana kwenyewe. Siseme kwamba moja ni kuu kuliko nyingine. Nasema tu kwamba aliye na kitu chenyewe hana haja ya kuazima sifa kwa aliye na picha yake.

Ndiyo maana nimeitia uzito habari hii ya sweta. Mtu akiambiwa kwamba kazi ya mikono yake ni ya watawa wa miaka elfu na mia mbili iliyopita, hudhani amepewa heshima, kumbe amenyang'anywa. Yeye aliyebuni amefanywa kuwa mwenye kunakili. Usiku aliokaa karibu na moto akihesabu vitanzi, akifumua na kufuma tena mpaka msuko ukakaa sawa, umehesabiwa kuwa si kitu, maana yasemwa yote yalikuwapo tangu zamani. Kazi za wanawake maskini hupatwa na jambo hili mara nyingi, katika Ireland na kwingineko: zikiwa nzuri, hutafutwa mwanamume msomi wa zamani wa kupewa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Wala majina ya dini sitaki yafutwe. Msuko ule ambao vitanzi vitatu hutolewa katika kimoja, kisha vitatu hufumwa kuwa kimoja, wafumaji huuita Utatu. Na mama akiutumia kumkumbusha mtoto fundisho lake, amefanya vema. Jina ni ukumbusho. Likiwa ukumbusho na libaki. Likigeuzwa kuwa historia, na liletewe mashahidi.

Basi, wewe unayefuma, na wewe unayenunua, usianze kwa kuuliza kazi hii ni ya karne ya ngapi. Itandaze mapajani, chagua kamba moja, uifuate kwa kidole toka chini mpaka juu. Ikiwa yapita juu, na chini, na juu, na mwishoni haijakuhadaa hata mara moja, msifu aliyeifuma. Na ikiwezekana, uulize jina lake.